Miaka 36 ya kuhesabu mchemraba

Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Juba, kilichoasisiwa 1975, kilianza kufundisha. Mwaka huohuo maduka ya Budapest yalianza kuuza mchemraba wa rangi sita aliokuwa ameubuni Ernő Rubik, mhadhiri wa usanifu, mwaka 1974. Mchemraba ulienea duniani kuanzia 1980. Kusini mwa Sudan ikarudi vitani 1983, na 1989 chuo chetu kikahamishiwa Khartoum. Sehemu kubwa ya hisabati ya mchemraba, basi, ilifanyika huku vijana wengi wa Juba wakiwa uhamishoni. Wanastahili kusimuliwa kisa hiki, hasa kwa kuwa nusu yake haihitaji kompyuta. Ubao na chaki vinatosha.

Vipande vya kona ni 8, vyenye mipangilio 40,320. Vya ukingoni ni 12, navyo vina mipangilio 479,001,600. Kona husokotwa kwa namna 3, lakini 7 zikishakaa, ya 8 haina hiari. Kingo nazo hupinduliwa, na vivyo hivyo 11 huiamulia ya 12. Halafu lipo sharti ninalolipenda kuliko yote. Kila robo mzunguko huhamisha kona 4 na kingo 4, sawa na kubadilishana nafasi mara 3 kwa kona na mara 3 kwa kingo. Jumla ni 6, namba shufwa. Kwa hiyo vipande viwili pekee haviwezi kamwe kubadilishana nafasi, hata uzungushe mwaka mzima. Zidisha yote, gawa kwa 2, utapata mikao 43,252,003,274,489,856,000. Na mtoto akiubomoa mchemraba kisha akauunga kiholela, ana nafasi 1 tu kati ya 12 ya kupata unaopangika.

Je, mkao mgumu kuliko yote unahitaji mizungusho mingapi? Mwaka 1981 Morwen Thistlethwaite, mwanahisabati wa London, alionyesha kuwa 52 inatosha daima. Alijinyima uhuru kidogo kidogo: njia yake ina hatua nne, na kila hatua inayofuata hukataza baadhi ya mizungusho, hadi ya mwisho inayoruhusu nusu mzunguko pekee. Herbert Kociemba wa Ujerumani alizipunguza hatua hizo kuwa mbili mwaka 1992. Mwaka 1995 Michael Reid akathibitisha kwamba mkao mmoja, wenye kona zote sawa lakini kingo zote 12 zimepinduliwa papo hapo, hauwezi kupangwa kwa chini ya mizungusho 20.

Jibu likapatikana Julai 2010, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Sudan Kusini. Tomas Rokicki, Kociemba, Morley Davidson na John Dethridge waliigawa mikao yote katika mafungu bilioni 2.2, wakatumia ulinganifu kubakiza takriban milioni 56, na kompyuta walizopewa na Google zikafanya kazi ambayo moja ingeifanya kwa miaka 35. Hakuna mkao unaozidi 20, nusu mzunguko ukihesabiwa kuwa mzungusho mmoja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumika kuvuruga. Mkono wa mtu huvuruga kwa mazoea, tena mara nyingi hujirudia. Katika mashindano rasmi, yanayosimamiwa tangu 2004 na Shirika la Mchemraba Duniani, programu huchagua mkao kwa bahati nasibu kati ya yote, huutafutia suluhisho kwa njia iliyotokana na ya Kociemba, kisha huliandika kinyumenyume. Maandishi hayo ndiyo mvurugo anaopewa mchezaji. Kuvuruga kwa haki, kwa hiyo, kunaanza kwa kutatua.

Mwalimu wa Juba akitaka kuionyesha darasani hisabati hii ya ubao na chaki, aanze na jozi moja: upande wa kulia robo mzunguko, kisha wa juu robo mzunguko, vyote kufuata saa. Mara chache tu, na rangi zinavurugika. Wanafunzi wairudie jozi hiyo bila kuchoka, na ya 105 itaurudisha mchemraba ulivyokuwa. Kisha wafuatilie kila kipande kwa chaki: kingo 7 hupokezana nafasi, kona 5 hupokezana zao, nyingine 1 husokotwa papo hapo, na kila kona hurudi sawa baada ya misokoto 3. Zidisha 7 kwa 5 kwa 3.