Malipo ya Kila Siku: Fedha za Simu na Umeme wa Jua Vijijini Kenya

Paneli za umeme wa jua zilianza kuuzwa kwa wananchi wa kawaida nchini Kenya katika miaka ya 1980, lakini kwa muda mrefu wanunuzi wake wakubwa walikuwa walimu, wafanyabiashara na wakulima wa kahawa na chai, yaani watu waliopata mshahara au malipo ya mazao kwa mkupuo. Kaya nyingine ziliendelea kutumia koroboi, na mafuta ya taa yalinunuliwa dukani kwa kipimo kidogo kilichotosha usiku mmoja au miwili, ingawa jumla ya fedha zilizotumika kwa mwaka ilikuwa kubwa. Kikwazo, kwa hiyo, kilikuwa katika namna ya kulipa: chombo cha kudumu kilidai fedha nyingi kwa siku moja, ilhali kipato cha kibarua au mchuuzi kiliingia kidogo kidogo.

Njia ya kukiondoa kikwazo hicho ilitokana na jaribio lililokuwa na shabaha nyingine. Mwaka 2005, kampuni za Vodafone na Safaricom, zikisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, zilijaribu mfumo wa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya kurejesha mikopo kwa simu, na ikaonekana kwamba wateja hao waliutumia pia kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikopewa kipaumbele, na watu waliokuwa wakiwakabidhi madereva wa mabasi bahasha za kupeleka kijijini wakaanza kwenda kwa wakala, yaani mwenye duka anayepokea fedha taslimu na kumwekea mteja salio la thamani hiyohiyo katika simu, huku fedha za wateja wote zikihifadhiwa benki katika akaunti ya amana.

Juu ya msingi huo kampuni ya M-KOPA, ambayo miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Nick Hughes aliyeshiriki kuibuni M-Pesa, ilianza kuuza mitambo ya sola mwaka 2012. Mteja alilipa kianzio, akapewa paneli ndogo, betri, taa, redio na waya wa kuchajia simu, kisha akalipa shilingi 40 hivi kwa siku kwa muda wa takriban mwaka mmoja. Ndani ya kisanduku cha betri mlikuwa na laini ya simu iliyopokea taarifa za malipo. Siku zilizolipiwa zilipokwisha, mtambo ulijifunga mpaka mteja alipolipa tena, na deni lilipomalizika ukawa mali yake. Mtambo wenyewe ndio uliokuwa dhamana, hivyo mtu asiye na hati ya shamba wala akaunti ya benki aliweza kukopeshwa.

Mpango huo ulikuwa na gharama zake, kwa kuwa bei ya mkopo ilizidi bei ya fedha taslimu, na familia iliyokwama kulipa ilirudi gizani. Aidha, mtandao uleule wa fedha ulifungua mlango kwa mikopo ya haraka ya simu, ambayo baadhi ya watoaji wake walitoza riba kubwa na kuwaaibisha wadaiwa kwa kuwapigia jamaa zao, hata Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za kuwasimamia mwaka 2022. Mikopo hiyo ilipatikana kwa urahisi uleule wa kubonyeza simu, lakini iliyotumika kuziba pengo la matumizi ya wiki haikumwachia mkopaji ila deni, ilhali malipo ya sola yalipokwisha yaliiachia kaya chombo kilichoendelea kuipunguzia gharama ya mafuta na moshi wa koroboi. Mchango wa fedha za kidijitali katika maendeleo endelevu, yaani yale yanayokidhi haja za leo bila kuwadhulumu watakaokuja, umetegemea hasa kile kinachonunuliwa kwa mkopo na masharti ya kuulipa.