Mikono Miwili, Hadithi Moja: Historia ya Michoro ya One-Punch Man

Katika uhakiki wa fasihi yapo mazoea ya kuizungumzia fani kana kwamba ni vazi tu ambalo maudhui huvishwa, na ambalo laweza kuvuliwa bila mwili kudhurika. Ni nadra kupata kazi ambayo historia yake yenyewe huiweka dhana hii kwenye mizani. One-Punch Man, hadithi ya picha ya Kijapani iliyojizolea wapenzi wengi nje ya Japani, ni mojawapo ya kazi hizo, kwa kuwa imechorwa na mikono miwili tofauti.

Mkono wa kwanza ni wa msanii ajulikanaye kwa lakabu ya ONE, aliyeanza kuitoa hadithi hiyo katika intaneti mwaka 2009. Michoro yake ilikuwa ya kianagenzi: mistari iliyoyumba, viungo visivyolingana na viwiliwili, mandhari matupu. Licha ya hayo, wasomaji waliifuata kwa hamu. Mhusika mkuu, Saitama, alijizoeza kwa miaka 3, akikimbia kilomita 10 kila siku na kuchuchumaa mara 100, hadi akaweza kumwangusha adui kwa ngumi moja. Nywele zake nazo zikanyonyoka zote. Anwani yenyewe ni mzaha: ikitamkwa Kijapani, inamkumbusha msomaji Anpanman, shujaa wa watoto aliyebuniwa na Takashi Yanase, ambaye kichwa chake ni mkate. Msiba wa Saitama ni kwamba ushindi umekuwa rahisi mno hata umepoteza ladha.

Mkono wa pili ni wa Yusuke Murata, aliyekwisha kujipatia sifa kwa kuchora Eyeshield 21, iliyotungwa na Riichiro Inagaki na kuchapishwa kati ya 2002 na 2009. Murata aliipenda kazi ya ONE, akaomba kuichora upya. Toleo lake lilianza kutoka Juni 2012 katika jukwaa la intaneti la Tonari no Young Jump, la kampuni ya Shueisha. Ustadi wake unastaajabisha. Madubwana huchorwa kila gamba na kila mshipa. Majengo hubomoka tofali kwa tofali. Katika baadhi ya sura alipanga mfululizo wa picha zilizotofautiana kidogo tu, hivi kwamba msomaji azipitiapo kwa haraka huona mwendo kama wa filamu. Aidha, mara kadhaa amezichora upya sura ambazo tayari zilikwisha kutolewa.

Lau usanii huo ungekuwa pambo tu, Murata angeupamba uso wa Saitama pia. Hakufanya hivyo. Katikati ya ukurasa uliosheheni maelfu ya mistari, uso wa shujaa aghalabu hubaki duara tupu, macho mawili na mdomo uliofumba, kama ulivyotoka katika kalamu ya ONE. Ule uliodhaniwa kuwa udhaifu wa mwanagenzi umegeuzwa kuwa mbinu. Adui anapochorwa kwa fahari zote, kisha akaanguka kwa ngumi moja ya mtu mwenye uso kama yai, kejeli hukamilika bila neno hata moja. Katika toleo la kwanza upweke wa Saitama husimuliwa zaidi. Katika la pili huonekana.

Maudhui hayo hudhihirika zaidi kwa Mumen Rider, shujaa wa daraja la chini apandaye baiskeli, ambaye jina lake linamchezea Kamen Rider, shujaa wa pikipiki wa mwaka 1971. Hana nguvu zozote za ajabu, lakini humkabili Mfalme wa Bahari akijua fika kwamba atashindwa. Murata huuchora mwili wake uliopondeka kwa heshima ileile anayowachorea mashujaa wenye nguvu. Baadaye Saitama humwua dubwana huyo, kisha hujisingizia kuwa amepora tu ushindi wa wenzake, ili umati usiwadharau walioshindwa.

Basi historia hii yafundisha kwamba hadithi yaweza kuishi katika mchoro dhaifu, na kwamba mchoro bora haujii kuifunika. Murata aliisoma kazi ya ONE kama mhakiki kabla ya kuichora kama fundi: alitambua lipi la kukuza na lipi la kuacha lilivyo. Fani na maudhui havikuwa mwili na vazi. Vilikuwa mwili na damu.