Mtumishi, Mtumwa, Mzalia: Istilahi za Utumwa katika Hadithi za Ajabu

Mfasiri wa hadithi za ajabu hakawii kukutana na kiumbe asiye binadamu lakini mwenye bwana. Je, amwite mtumishi au mtumwa? Maneno haya yana shina moja, -tum-, lakini historia imeyatenga: mtumishi hulipwa na aweza kuondoka; mtumwa ni mali ya mwingine.

Tuanze na Aladdin, hadithi ambayo Antoine Galland alisimuliwa na Hanna Diyab wa Aleppo mwaka 1709, kisha akaitia katika Alfu Lela U Lela yake ya Kifaransa. Jini wa taa humtii yeyote aishikaye taa, mwema au mwovu, wala hapana aulizaye kama jini mwenyewe yu radhi. Huyo ni mtumwa.

Katika tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa mwaka 1611, ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Tufani mwaka 1969, wamo wawili chini ya bwana mmoja. Ariel anatumika kwa muda na anadai ahadi ya kuachwa huru. Caliban anadai kisiwa, urithi wa mamaye. Tukiwaita wote watumishi, madai ya uhuru na madai ya ardhi yote yafifia.

Tatizo ni gumu zaidi katika riwaya za J. K. Rowling. Viumbe wadogo wa nyumbani hurithiwa na ukoo kizazi kwa kizazi. Pwani yetu ina neno lao, wazalia. Bwana akimpa mmoja wao nguo, kifungo kimekatika. Dobby, katika riwaya ya 1998, hufurahi. Winky, katika ile ya 2000, hulia. Je, tendo hilo ni kuachwa huru au kufukuzwa? Wenziwe wengi hukataa uhuru, na wasomaji wengine husema basi wameridhika.

Hapo historia ya Unguja yatufunza. Amri ya mwaka 1897 haikumfungua kila mtumwa; ilimtaka aende mwenyewe kuomba. Aliyepata uhuru alipaswa kuonyesha makao na riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Wengi hawakwenda. Kutoomba kwao hakukuwa ushahidi wa kuridhika, bali wa kukosa pa kwenda.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mtumishi atumike penye ujira au muda uliowekwa. Mtumwa penye milki. Mzalia penye utumwa wa kuzaliwa nao. Kuachwa huru na kufukuzwa visichanganywe: mfasiri atazame kwanza anayetolewa ataishi wapi. Lugha yetu iliyapata maneno haya kwa machungu ya watu halisi; si haki kuyalainisha kwa sababu tu anayetajwa ni jini.