Malkia asiyetawala

Haya wasomaji wangu, leo siasa zipumzike kidogo. Nina habari ya nyuki.

Juzi mpwa wangu wa miaka kumi alinijia na gemu lake mkononi, machozi yanamlengalenga. "Anko, huyu Combee nimemlea mpaka kafika levo ya 30, mbona hageuki?" Nikamtazama mdudu mwenyewe: vyumba vitatu vya sega vilivyoshikana, kila kimoja na sura yake. Sura ya chini haikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso. Ikabidi niseme ukweli: huyu ni dume, hatageuka kamwe.

Mliocheza Pokémon mnajua ninachosema. Combee na malkia wake, Vespiquen, waliingia kwenye matoleo ya Diamond na Pearl, yaliyotoka Japani tarehe 28 Septemba 2006. Ulikuwa unapaka asali kwenye mti, unasubiri saa 6 au zaidi, ukibahatika unamkuta Combee. Jike akifika levo ya 21 anakuwa Vespiquen. Kasheshe ni kwamba jike ni mmoja tu kati ya wanane.

Mpwa akafikiri, kisha akauliza: "Kwa hiyo madume yanafanya kazi, malkia kazi yake kuamuru?" Kwenye gemu ndivyo. Vespiquen alikuja na amri tatu za kwake: ya kushambulia, ya kulinda na ya kutibu. Akisema, watoto wanatekeleza.

Ila swali la dogo lina historia ndefu. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle kule Ugiriki aliwaandika wakubwa wa mzinga kuwa ni wafalme, ingawa alitaja kwamba wapo watu waliowaita mama. Dunia ikachukua mfalme, mama akasahaulika. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler akatoa kitabu kilichosema mzinga ni ufalme wa kike. Angalieni mwaka huo: ilikuwa miaka 6 tu baada ya kifo cha Elizabeth I, aliyetawala Uingereza miaka 44. Baadaye katika karne hiyohiyo, Mholanzi Jan Swammerdam akampasua "mfalme" huyo, akamchungulia kwa hadubini na kukuta ovari. Ubishi wa jinsia ukaisha. Neno la utawala likabaki.

Na hapo ndipo tulipopotea. Kwenye mzinga halisi vibarua wote ni majike. Madume hayakusanyi hata tone la asali. Malkia naye haamuru mtu. Kazi yake ni kutaga, hata mayai 1,500 kwa siku. Kundi likihama, vibarua wapelelezi ndio wanaotafuta makazi, wanacheza ngoma yao ya kuelekezana mpaka wakubaliane, malkia anafuata. Akichoka, vibarua hao hao wanachagua kiluwiluwi wa kike, wanamlisha chakula maalumu, wanapata malkia mpya.

Kumbe waliosema "mama" walikuwa karibu zaidi na ukweli. Sisi wengine tukiona kundi linafanya kazi, lazima tumtafute bosi. Simcheki mtu hapa. Mimi mwenyewe kwenye habari zangu nimeandika mara ngapi kwamba mheshimiwa fulani kajenga daraja? Waliobeba zege sikuwauliza hata majina.

Nilidhani mpwa wangu atamfuta Combee wake aanze kutafuta jike. Akakataa. Kumbe Combee ana kipaji cha kuokota asali baada ya pambano, na mtoto alikuwa ameshaijaza kwenye mkoba wake wa gemu.

"Huyu nabaki naye, anko. Si ndiye anayeleta asali?"

Sikuwa na la kuongeza. Kama ninyi mnalo, karibuni.