Siku Sita za Karama

Mchawi wetu husafiri kwa ungo. Ufagio ni wa wachawi wa Ulaya, na wengi wa ninaosoma nao shahada ya uzamili wanaujua ufagio kuliko ungo, kwa sababu riwaya za wachawi na dunia zinazokwenda sambamba walizokulia ni za Kiingereza. Nikiwaambia kwamba riwaya ya dunia nyingine tunayo tangu mwaka 1951, na kwamba mwandishi wake alisoma Msimbazi, huuliza ni nani. Nikitaja Shaaban Robert, hucheka: "Yule wa mtihani?"

Ndiyo, yule wa mtihani. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, jirani na Tanga, na kati ya 1922 na 1926 alikuwa mwanafunzi Msimbazi, Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha miaka minne tu kabla hajafika. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hiyo Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Leo tunanunua vitenge na chaja za simu mahali penye jina lao, na jina lenyewe tunalitamka kama jina la soko tu.

Mji aliousomea kijana huyo ulikatwa vipande vitatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya Kariakoo na mji wa biashara paliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya. Kuuvuka kwa miguu ni dakika chache, lakini ng'ambo yake kulikuwa na kanuni nyingine za ujenzi, shule nyingine, hospitali nyingine. Mimi huisoma Kusadikika nikiwa na ramani hiyo kichwani. Ni nchi inayoelea hewani. Wajumbe wake wanatumwa pande sita, yaani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakaone wengine wanaishije. Wanarudi na mawazo mema na kutupwa gerezani.

Kinachoishikilia hadithi yote ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja. Baraza zima linakaa na kumsikiliza mtu ambaye tayari limeshamchukia.

Katika Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki, waganga ndio wanaoshika nafasi. Mfalme hana mrithi, hivyo wanaitwa waganga wa mizizi, wa hirizi, wa makafara, wa mashetani, kundi baada ya kundi. Mtoto anapatikana, kisha inadaiwa kwamba uhai wake unahitaji kafara la watu wawili, mwerevu mmoja na mjinga mmoja. Msomaji wa Tanzania hawezi kuipita sehemu hiyo kama njozi tupu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa nchini kwetu kwa ajili ya viungo vyao, na Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi.

Waingereza nao walikuwa wametuachia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ipo hadi leo. Inamwadhibu hata anayejidai kuwa na nguvu hizo. Lakini katika vijiji vingi vya Usukumani hukumu haikusubiri mahakama. Wanawake wazee waliuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote.

Mwaka 2008 wajomba zangu walimhamisha bibi kutoka mkoani Shinyanga, akaja kuishi nasi katika vyumba viwili vya kupanga Kariakoo. Nilikuwa mdogo, nikaambiwa amekuja kutibiwa macho. Nilipokua ndipo mama aliponieleza. Jirani alifiwa na mtoto, na jina la bibi likaanza kutajwa kwenye vilabu vya pombe. Hakuna aliyemwita barazani amuulize lolote. Karama alipewa siku sita. Bibi hakupewa hata asubuhi moja.

Ajabu ni kwamba bibi alipenda hadithi hizi kuliko sisi. Alitusimulia Gamboshi, kijiji cha Simiyu ambacho husemwa kwamba usiku hugeuka jiji lenye taa na ndege, linaloonekana na wachawi peke yao. Filamu za kina Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilizouzwa kwenye maduka ya Kariakoo, alizitazama akicheka na kumsahihisha mganga wa kwenye skrini. Hadithi za uchawi hazikumtisha. Aliwaogopa watu wanaonong'ona.

Ndiyo maana siungani na wanaosema tuache kuandika uchawi kwa kuwa ni ushirikina, na wala siwaelewi wanaoazima ufagio wakati ungo upo jikoni. Shaaban Robert alionyesha kwamba dunia ya kubuni inaweza kubeba mashtaka, utetezi na hukumu bila kupoteza mvuto. Riwaya ya vijana ninayoisubiri itakuwa na ungo, itakuwa na Gamboshi na taa zake zote, na ndani yake kutakuwa na bibi kizee mwenye macho mekundu, amesimama mbele ya baraza. Mwandishi ampe siku sita, na sisi wasomaji tukae chini tumsikilize mpaka amalize.