Umbali Usiopungua

Chukua tufe la dunia lililo darasani kwako, msomaji, kisha uvute uzi kutoka Nairobi hadi London. Uzi huo utapita juu ya Sudani, Jangwa la Sahara na Bahari ya Mediterania, na kipimo chake ni kilomita 6,800 hivi. Kipimo hicho hakijapungua hata shubiri moja tangu zama za mababu. Kilichopungua ni muda. Nasi tutazame ulipunguzwa kwa gharama gani.

Kabla ya eropleni, msafiri alipanda meli Uingereza, akapita Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, akashuka Mombasa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, alimalizia safari kwa gari moshi. Yote hayo yalichukua majuma kadhaa.

Mwezi wa Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya anga kutoka London hadi Mwanza, kupitia Kisumu. Je, wajua kwa nini Kisumu? Baadhi ya ndege za siku zile zilitua majini na kuelea kama mashua, na Ziwa Viktoria lilikuwa kiwanja kisichohitaji kufyekwa wala kusawazishwa. Hazikuweza kuruka mbali bila kutia mafuta; kwa hiyo zilifuata Mto Nile, zikitua kituo baada ya kituo. Usiku ulipoingia, abiria walilala hotelini. Hata kipande cha Ulaya walikivuka kwa gari moshi. Hata hivyo, safari ya majuma ilikuwa imekwisha kuwa ya siku.

Tarehe 2 Mei 1952, Comet, eropleni ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa ratiba, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Khartoum na Entebbe, ikafika mwisho wa safari kwa muda usiotimia saa 24. Watu walistaajabu. Lakini mwaka 1954, Comet mbili zilipasuka angani karibu na Italia, mwezi wa Januari na mwezi wa Aprili, zikaua watu 56.

Wataalamu wa Uingereza walilitia umbo zima la Comet katika tangi kubwa la maji, wakalijaza maji kwa nguvu na kuyapunguza, tena na tena, mpaka likapasuka. Ndipo siri ilipofichuka. Jeti hupaa juu sana, ambako hewa ni haba, kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani yake ili abiria wapumue. Kila safari bati lake huvutika, kisha hulegea. Fikiri waya unaokunjwa na kukunjuliwa: mwishowe hukatika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Comet ziliundwa upya, zikiwa imara zaidi, na mwaka 1960 shirika la East African Airways lilianza kuzitumia. Kiwanja cha Embakasi kilikuwa kimekwisha kufunguliwa mwaka 1958. Leo ndege huruka kutoka Nairobi hadi London bila kutua njiani, kwa muda wa saa tisa hivi. Alaye chakula cha jioni Nairobi hunywa chai ya asubuhi London.

Basi, msomaji, usikiapo ya kuwa dunia imekuwa ndogo, kumbuka uzi wako. Dunia ni ile ile. Zilizoongezeka ni elimu na subira ya watu waliokubali kuuliza kosa lao lilikuwa wapi.