Uhaba wa Kiwandani na Uhaba wa Bandarini: Bei ya Magari ya Kasi Mombasa

Gari la kasi, katika mazungumzo ya Mombasa, mara nyingi si Ferrari wala Lamborghini. Ni Subaru Impreza WRX STI, au Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo kuanzia Likoni hadi Kisauni hujulikana kwa jina fupi la Evo. Ni magari ya milango minne yenye injini ya turbo ya lita mbili, yanayosukumwa na magurudumu yote manne, na asiyeyajua aweza kuyapita barabarani bila kugeuza shingo. Yalitengenezwa kwa idadi ya kupimwa, yakauzwa kwanza Japani, kisha yakafika pwani yakiwa mtumba. Bei yake katika yadi za Mombasa kwa kawaida huelezwa kwa sababu mbili: kwamba kiwanda kilitengeneza machache, na kwamba wenye yadi wana tamaa. Zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hazifiki kwenye kiini. Uhaba unaoamua bei ya gari la kasi Mombasa hutokea bandarini. Hesabu inayohusika ni ya magari ambayo sheria bado inayaruhusu kuingia, na hesabu hiyo hupungua kila ifikapo tarehe 31 Desemba.

Uhaba wa kiwandani ulianza kama sharti la mashindano. Kanuni za mbio za dunia za Kundi A zilimtaka mtengenezaji atoe magari 5,000 ya aina moja, idadi iliyopunguzwa baadaye hadi 2,500, ndipo gari hilo likubaliwe kushindana. Evo ya kwanza ilitolewa mwaka 1992 kwa ajili hiyo. Kampuni ilihitaji gari la mbio, na raia wa Japani wakauziwa nakala zilizohitajika kutimiza kanuni. Kenya nayo ilikuwa uwanja ambapo magari hayo yalijaribiwa hadharani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilinyakuliwa na Tommi Mäkinen kwa Lancer mwaka 1996, Colin McRae kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns kwa Impreza mwaka 2000. Patrick Njiru naye aliipeleka Subaru kwenye mashindano hayo akiwa dereva wa hapa hapa nyumbani. Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya yana mizizi mirefu kuliko tangazo lolote la biashara.

Baadaye sharti likageuka kuwa mbinu ya kuuza. Subaru ilitoa Impreza 22B mwaka 1998, magari 400 kwa soko la Japani, kisha mfululizo wa matoleo yenye herufi S: S201 ya mwaka 2000 ilikuwa na magari 300, S203 magari 555, S208 ya mwaka 2017 magari 450. Hilo la mwisho halikuuzwa kwa aliyetangulia kufika. Wanunuzi waliomba, kura ikapigwa. Kura ilipigwa tena mwaka 2019 kwa toleo la kuiaga injini ya EJ20, magari 555. Idadi hiyo haikutokana na hesabu yoyote ya soko: 555 ni jina la sigara iliyokuwa imechorwa ubavuni mwa magari ya mbio ya Subaru katika miaka ya 1990. Ferrari ilifanya yake mapema zaidi, kwa kutengeneza magari 349 ya F50 na kueleza kwamba soko lingeweza kununua 350.

Kiwanda kikitengeneza machache kuliko wanaoyataka, tofauti ya bei haipotei. Lazima iangukie mkononi mwa mtu. Marekani humwangukia muuzaji aliyeidhinishwa. Bei inayotangazwa na kiwanda huko ni pendekezo tu, na muuzaji yu huru kuongeza juu yake kiasi ambacho mteja atavumilia. Japani, kwa kuwa gari huuzwa kwa bei ya kiwanda na kwa kura, faida humwendea mshindi wa kura, ambaye akitaka ataligeuza gari kuwa pesa mnadani. Ford ilijaribu kuizuia njia hiyo ilipotoa Ford GT mpya: mnunuzi alitia saini mkataba wa kutoliuza gari kwa miaka miwili, na mwanamieleka John Cena aliposhtakiwa mwaka 2017 kwa kuliuza mapema, ilibainika kwamba kiwanda kiliuchukulia mkataba huo kwa uzito. David Ricardo alikwisha kuliona jambo hili mwaka 1817, alipozitenga bidhaa kama sanamu na sarafu adimu na bidhaa nyinginezo zote: thamani ya zile za kwanza haina uhusiano na gharama ya kuzitengeneza, kwa sababu hakuna kazi itakayoongeza idadi yake.

Mwenye yadi wa Mombasa yuko mbali na mikono yote hiyo. Anaingia sokoni gari likiwa limekwisha kuwa mtumba, kupitia minada ya Japani ambako maelfu ya magari huuzwa kila wiki. Anachokiona ni karatasi ya mnada: mchoro wa gari lililotandazwa, wenye alama za herufi na tarakimu kila palipo na mkwaruzo au bonyeo, na juu yake daraja. Daraja la 4 au 4.5 ni gari safi. Herufi R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwa Toyota Vitz au Fielder, R humaanisha bei nafuu na biashara ya haraka. Kwa STI hali ni nyingine, kwa sababu gari la kasi lenye R huenda lilipinda fremu katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na mnunuzi anayelijua gari ataiulizia karatasi hiyo kabla ya kuuliza bei. Mwenye yadi asiyekuwa nayo atauza kwa asiyejua.

Meli hushusha magari Kilindini, na mengi husukumwa hadi kwenye vituo vya kuhifadhia mizigo vya Changamwe na Miritini kungojea ushuru. Kiwanda cha kuunganisha magari cha AVA nacho kipo huko huko Miritini, lakini hakiunganishi magari ya aina hii; gari la kasi ni la kuagizwa tu. Mamlaka ya Mapato ya Kenya haitazami bei iliyolipwa mnadani. Hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2025, kisha hupunguza thamani kwa kadiri ya umri wa gari. Juu ya thamani ya kiforodha inayopatikana huwekwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, halafu ushuru wa bidhaa, halafu VAT ya asilimia 16, kila mmoja ukihesabiwa juu ya jumla iliyotangulia. Gari la thamani ya kiforodha ya shilingi 1,000,000 likiwa katika daraja la ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hulipiwa 350,000, kisha 337,500, kisha 270,000. Jumla ni 957,500 kabla ya ada ya uagizaji na tozo ya reli.

Hesabu hiyo ina mambo mawili yanayolifaa gari la kasi pasipo kukusudiwa. La kwanza ni kwamba ushuru wa bidhaa hupimwa kwa ujazo wa injini, si kwa nguvu yake. Gari la petroli huingia kwenye asilimia 35 likizidi cc 3000, la dizeli likizidi cc 2500. STI ya mwisho ina cc 1994 na nguvu farasi 308, nayo hulipa asilimia 25. Prado ya dizeli ya lita 2.8, gari la familia na la mashamba lenye nguvu ndogo kuliko hiyo kwa zaidi ya farasi mia moja, hulipa 35. Ni vigumu kuitetea tofauti hii kwa hoja ya usalama wa barabara, na kwa hoja ya mafuta hutetewa kidogo tu.

La pili ni zito zaidi. Orodha ya mamlaka huchukulia kwamba kila mwaka unaopita hulipunguzia gari thamani. Kwa magari mengi ni kweli. Kwa gari lililouzwa kwa kura, mnada wa Japani husema kinyume: bei husimama, au hupanda. Hivyo muda unaompa mnunuzi wa Mombasa nafuu ya kodi ndio unaompandishia bei ya ununuzi, na anayeagiza gari la miaka saba hulipa kodi kama anayeleta mtumba huku akiwa amenunua kitu kinachokaribia kuwa cha kumbukumbu.

Juu ya yote ipo sheria ya umri. Kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango la Kenya hukataza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane kuingia, na huhesabu kwa mwaka wa usajili wa kwanza. Mwaka 2025 yaliruhusiwa magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018. Mwaka 2026 kuanzia Januari 2019. Lazima gari liwe na usukani wa kulia, liwe limekaguliwa kabla ya kupakiwa, na lifike kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana Desemba ni mwezi wa wasiwasi kwa waagizaji: gari lililochelewa melini siku chache laweza kuamriwa kurudishwa lilikotoka.

Matokeo yake yanaonekana wazi kwa Evo. Evo X ilitengenezwa hadi 2016. Haikuwa adimu, maelfu yalitolewa, na Japani bado yanauzwa kila wiki. Lakini tangu Januari 2024 hakuna Evo iliyosajiliwa 2016 au kabla inayoweza kuingia Kenya kama mtumba wa kawaida. Kuanzia siku hiyo idadi ya Evo nchini ikawa ni ile iliyopo, ikipunguzwa na kila ajali na kila dereva wa mbio anayehitaji bodi ya akiba. Impreza 22B, iliyo adimu kweli duniani, haina bei Mombasa hata kidogo, kwa sababu ilipitwa na umri karibu miaka ishirini iliyopita. Gari la kawaida limekuwa adimu, na gari adimu limetoka nje ya soko. STI za 2019 zinafuata mwishoni mwa 2026, na zile za toleo la mwisho zilizosajiliwa 2020 mwishoni mwa 2027.

Majirani wamechagua vingine. Tanzania huyaruhusu magari makuukuu na kuyatoza ushuru wa ziada, ndiyo maana Dar es Salaam bado huonekana Subaru za miaka ya 2000 zinazoingia sasa. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Marekani imefanya kinyume kabisa: gari lisilotimiza viwango vyake huruhusiwa likifikisha miaka 25, na bei za magari ya Kijapani hupanda kadiri siku hiyo inavyokaribia. Mwagizaji wa Kenya hufungiwa katika mwaka wa nane, mara nyingi kabla ya bei kushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa, na Mmarekani hufunguliwa ikiwa imekwisha kupanda tena.

Lawama ya tamaa ya wenye yadi hupaswa kupimwa kwa msingi huu. Mlango wa uagizaji ukiwa wazi, mwenye yadi wa Nyali anayeongeza mno hushindwa na wa Changamwe, au na mteja anayejiagizia mwenyewe kwa wakala wa forodha. Faida yake ni ya kawaida: riba ya pesa iliyolala wiki kadhaa baharini, hatari ya shilingi kushuka mbele ya dola, gharama ya kituo, na kitu chake juu. Mlango ukifungwa, ushindani wa kuagiza hukoma, na aliye na gari hupandisha apendavyo. Mara nyingi huyo si mwenye yadi. Ni mmiliki aliyeliacha gari yadini liuzwe kwa niaba yake, kwa bei aliyoipanga mwenyewe na neno la maelewano chini yake.

Soko lililofungwa lina lugha yake ya kuthibitisha. Herufi za namba ya usajili husema gari liliingia lini, na namba inayoanzia KD huongeza bei juu ya gari lile lile lenye KC, hata kama hali zao zalingana. Chesisi husema zaidi. STI ya karibuni huanza na VAB, wakati WRX S4 inayofanana nayo kwa sura huanza na VAG. Evo X ni CZ4A. Galant Fortis, ndugu wa kawaida wa Evo, huuzwa kwa bei ya chini kabisa, lakini bampa ya Evo, spoila na beji zapatikana, na fundi hodari hulivisha gari hilo sura yote ya nduguye kwa siku chache. Anayefungua boneti na kulinganisha bamba la chesisi na logbuku haibiwi. Anayetazama beji hununua Fortis kwa bei ya Evo, na jinsi Evo za kweli zinavyopungua ndivyo kazi ya kuvisha inavyolipa.

Gari linaloingia sasa kushika nafasi hiyo ni Toyota GR Yaris, iliyoanza kuuzwa 2020 ikiwa na injini ya cc 1618 yenye silinda tatu, na ambayo chimbuko lake pia ni mbio za dunia. Sébastien Ogier alishinda Safari Rally ya Naivasha mwaka 2021 kwa gari la Toyota lenye jina hilo la Yaris. Kwa kuzidi cc 1500 inalipa asilimia 25, sawa na STI, na zile za mwaka wa kwanza zina hadi mwisho wa 2027 kupita Kilindini.